Mtani, Mawe Yako Nimeyarudisha Bahi

Mpendwa mtani wangu Perisi,

Shikamoo sikupi. Hata ulipokuwa hai hukuwahi kuipata kutoka kwangu, ingawa ulinizidi miaka minne, na sioni kwa nini uanze kujidai sasa. Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni kwangu, Area D, Jumapili, jua limeshalegea, na vumbi la mwezi wa tisa limerudi kwenye vyombo nilivyotoka kuviosha. Kila upepo ukija mlango unajibamiza, kwa sababu mawe yaliyokuwa yanaushikilia hayapo tena. Nitakwambia yalikokwenda. Kabla ya hapo nina kosa la kukiri, na nalikiri kwa barua ya wazi, wasome na wengine, maana nililifanya mbele ya watu.

Nilikosa kwa kuwa na adabu.

Atakayeisoma barua hii bila kutufahamu atashangaa, kwa hiyo nitaanzia mbali kidogo. Wewe univumilie, haya unayajua.

Nilihamia Dodoma pamoja na ofisi, serikali ilipofungasha virago kutoka Dar es Salaam. Mimi katibu muhtasi, nimekaa pwani miaka ishirini. Wewe mtu wa masijala, mwenyeji, Mgogo wa Bahi, umezungukwa na majalada mpaka mabegani. Wiki ya kwanza nililalamika kwa kila mtu. Midomo imepasuka, ngozi imekuwa nyeupe kama niliyeanguka kwenye unga, bomba linatoa maji kwa zamu. Siku moja nikaja kwako kuchukua jalada, nikasema, "Mji gani huu hauna maji?"

Ukainua kichwa. "Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi. Wa Tabora."

Ukaweka kalamu chini kabisa, ukanitazama kama mtu aliyepotelewa na mbuzi akamwona kwa jirani. "Kumbe mpagazi! Babu zako walipita hapa na mizigo ya watu kichwani, wakalipa hongo ya njia na maji, wakanywa, wakanyamaza. Wewe umekuja kwa lori la serikali na kabati lako, unalalamika. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nikukute stendi. Njoo na viatu vya kufunga. Nikakuoneshe maji."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na hongo uliyoisema ni ule ushuru wa kale wa kupita Ugogo, si hii inayokemewa kwenye mabango ya maofisini. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukuchukulia chakula sahani ikiwa mkononi mwako, kukuzibia njia. Na ukifa, mtani ana kazi. Hilo nalo nitalifikia.

Tulikuwa na sharti moja tu, ulilitoa wewe: pasipofika basi, si petu. Hatukuwa na gari, lakini hata bosi alipojitolea kutupa lake siku moja ulikataa. Ulisema mwenye gari akifika kwenye maji kwanza anatafuta kivuli cha gari. Basi tukawa watu wa mabasi. Ukienda Hombolo asubuhi, kaa kushoto, jua lisikuchome. Ukienda Mtera, kaa kulia. Bahi popote. Basi la mwisho kutoka Hombolo usiliamini, hata kondakta akikuapia kwa mama yake. Hayo yote ulikuwa unayajua kama tarehe za kuzaliwa za watoto wako.

Siku ile ya kwanza tulishuka Hombolo, tukapita kando ya mashamba ya zabibu, tukaingia kwenye njia nyembamba iliyobanwa na matete. Nilikuwa nimebeba mkoba wangu wa turubai, ndani mna chai ya chupa, mayai ya kuchemsha na michembe ambayo mama alinitumia kutoka Tabora, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Nilitembea huku nanung'unika. Halafu matete yakaisha. Maji yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia, na ndege wamejaa kama watu wanaosubiri mkutano uanze. Nikataka kusogea, ukanizibia njia, mikono umeitanua.

"Hapiti mtu."

"Nini tena?"

"Umefika kwenye maji, nchi ya Wagogo. Hongo."

Nilikupa konzi ya michembe. Ukatafuna umesimama, taratibu, kwa makusudi, mimi nasubiri juani. Ulipomeza ndipo ulipojitenga pembeni. "Pita, mpagazi." Toka siku hiyo hatukufika penye maji hongo isilipwe, na hongo haikubadilika. Na mkoba haukuwahi kukaa begani mwako hata siku moja. Nikikuomba unipokee, unaniuliza, "Kwani mpagazi ni nani?"

Jioni ile nilipofungua mkoba nyumbani nilikuta jiwe chini kabisa, chini ya khanga, kubwa kama ngumi. Nilikuwa nimelibeba mzunguko mzima wa bwawa na ndani ya basi. Jumatatu nikaja masijala kukuuliza. Ulikuwa unagonga mihuri, hukunitazama. Ulisema, "Jiwe? Wanyamwezi ndiyo tabia yenu. Mkipewa mzigo hamuulizi."

Kila safari ikawa na jiwe lake. Nilijaribu kukuchunga usiniwekee. Nilikaa na mkoba mapajani, nililalia mkoba pale tulipopumzika Mtera, na bado nikifika nyumbani jiwe lipo. Hata Bahi, ambako ni tope tupu na majaruba ya mpunga, ulilipata jiwe, Mungu anajua wapi. Nikayapanga hapa mlangoni, yakawa yanashikilia mlango usijibamize. Wageni waliuliza kama najenga.

Halafu lilikuwepo jalada. Wewe hukujua kuona kitu bila kukifungulia jalada. Kila penye maji palikuwa na kurasa zake, na ndege uliwaandika kama barua zilizoingia ofisini. Yangeyange arobaini, wamepokelewa. Korongo wawili, wamepokelewa. Mwari mmoja, hajulikani anakotoka, asubiri. Mdiria, ameonekana, ameondoka bila kuaga. Nilikuwa nashika darubini, natamka, wewe unaandika na kugonga muhuri wa hewani kwa ngumi. Sijui kama tulikuwa tunahesabu sawasawa. Mtaalamu wa ndege angetupiga viboko.

Unamkumbuka yule kijana wa Bahi mwenye baiskeli, amening'iniza kambale kwenye usukani? Alituona na darubini na jalada, akashuka. Siku hizi Dodoma ukionekana na karatasi shambani, watu wanajua ardhi inapimwa.

"Shikamooni mama zangu. Mnapima viwanja?"

"Marahaba. Tunapima ndege," ukamjibu.

"Mtawagawia wao?"

"Ndiyo. Kila korongo ishirini kwa thelathini, na barabara mbele."

Alicheka, lakini alitusindikiza karibu nusu saa akisukuma baiskeli, na alipoagana nasi aliuliza kwa sauti ya chini fomu zinatolewa wapi. Ulimwambia aende masijala amuulize Mnyamwezi. Mpaka leo sijui kama alikwenda.

Na kila tukienda Bahi tulipita kwa mama yako. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini sauti yangu aliijua tangu nikiwa njiani. "Mbukwa, Mnyamwezi wangu," ananisalimu kwa Kigogo, hata sijafika. Michembe iliyobaki ilikuwa yake. Aliiloweka kwenye chai ya maziwa mpaka ilainike, akala kimya, akawa hataki kusemeshwa mpaka kikombe kiishe.

Ni pale Bahi, tumekaa ukingoni mwa tope, miguu tumeinyoosha, ndipo ulipolianzisha. Hukuwa na huzuni yoyote. Ulikuwa unamenya yai.

"Ukifa wewe kwanza," ulisema, "wenzako watakupeleka Tabora, lazima wapite kwetu. Nitalizuia jeneza barabarani. Hongo kwanza, maiti baadaye."

"Na ukianza wewe?"

Ulifikiri. "Wewe mpagazi, utafanya nini zaidi ya kugoma? Kaa njiani na mkoba wako, waambie mpagazi amegoma, Mgogo huyu hapiti mpaka ulipwe. Usije ukanilia kama mgeni. Nitaona aibu."

"Nitagoma."

"Utagoma?"

"Nitagoma, mtani. Hapiti mtu."

Ukanipa nusu ya yai. Hilo ndilo lililokuwa agano letu, na hakuna mtu mwingine aliyelisikia, isipokuwa jioni yake ulimsimulia mama yako, mkacheka kwa Kigogo nikiwa sielewi neno.

Safari yetu ya mwisho ilikuwa mwezi wa tano, Bahi hiyohiyo, maji bado yapo. Ulitembea polepole. Tulipofika kwenye mti wa kwanza ukakaa. Nikakucheka, nikasema Mgogo gani huyu anachoka ndani ya Ugogo. Gauni lako lile la kijani lilikuwa linapepea kiunoni, nikakuuliza, "Gauni limekua au wewe umepungua?"

Ulisema, "Nimepungua ili mpagazi unibebe kirahisi."

Nilicheka, mtani. Hilo ndilo jibu ulilonipa, na mimi nikacheka.

Nimelirudia sana jambo hilo. Kama ungekuwa dada yangu ningekuuliza tena, ningekushika mkono tukaenda hospitali Jumatatu yake. Lakini tulikuwa watani, kila nilichotaka kukuuliza nilikiuliza kwa mzaha, na wewe ukanijibu kwa mzaha, tukaridhika. Mwezi wa saba nikawa nakutazama wodini. Siku moja muuguzi aliniomba nimsaidie kukugeuza. Ulikuwa mwepesi kweli. Hatukutaniana, kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

Habari ya kifo chako ilinikuta ofisini nachapa barua. Niliimalizia ile barua, nikasoma tena herufi zote, nikaipeleka kusainiwa. Ndipo nikachukua pochi yangu nikatoka.

Kwenye mazishi, pale kijijini kwenu, nilifanya kila kitu sawasawa. Nilijifunga khanga, nilikaa na wanawake jamvini, nilimpa mkono kila mzee. Ofisi ilikuwa imeniteua nisome salamu za rambirambi, nikazisoma bila kukosea, marehemu alikuwa mchapakazi, ameacha pengo. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu. Nilipita karibu na jeneza lako na mikono mitupu, mkoba uko nyumbani nyuma ya mlango, nikainamisha kichwa kama anavyofanya mkuu wa idara. Nilikumbuka kwamba kuna kitu nilitakiwa kufanya. Nilikumbuka vizuri kabisa. Ila niliuona utani ndio ulionifumba macho mwezi wa tano, na sikuutaka tena mdomoni mwangu.

Walipokuwa wanafukia, mama yako akageuza uso upande wangu, akasema kwa Kiswahili ili nielewe, "Mnyamwezi wangu. Leo umekuwa mgeni?"

Hakusema kwa ukali. Wanawake wawili waliokaa karibu wakanitazama, kisha wakatazama chini. Nilikaza khanga kiunoni. Nilirudi Dodoma na basi la ofisi, nikashushwa mlangoni.

Tangu hapo nilikuwa na ganzi. Sina neno jingine. Sikulia msibani, sikulia nyumbani. Nilikwenda kazini, nilirudi, nilipika, nilikula nusu. Siku moja nilikunywa chai ya moto ikaniunguza ulimi, nikaja kugundua kesho yake nilipotia chumvi mdomoni. Masijala wameleta binti mwingine, mpole, anajua kompyuta. Nikipita pale ananiambia "Shikamoo mama," naitikia, naendelea. Baadhi ya Jumamosi nilikuwa naamka saa kumi na moja kwa mazoea, navaa viatu vya kufunga, nakaa kitandani mpaka kunapambazuka, navivua. Watu waliniambia nitalia tu, nijipe muda. Nilijipa muda, haukuniletea kitu.

Wiki tatu zilizopita nilitaka mfuko wa kuendea sokoni, nikautungua ule mkoba nyuma ya mlango. Haukuwa umeguswa tangu mwezi wa tano. Ulikuwa mzito. Nikatia mkono chini ya khanga nikakuta jiwe. La Bahi, la safari ya mwisho, lile ambalo sikulitoa kwa sababu jioni ile nilichoka nikatundika mkoba bila kuufungua. Ulikuwa unashindwa kupanda hata kimwinuko, ulikaa chini ya kila mti, na bado ulipata nguvu ya kuokota jiwe ukanibebesha.

Jalada nalo lilikuwa humo. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Yangeyange kumi na tisa, wamepokelewa. Mwari saba, wamepokelewa. Chini yake, kwa mwandiko uliolegea, umeandika: Mpagazi mmoja, mzito wa kuelewa, yupo.

Hata hapo sikusikia kitu. Sikuweza kucheka, sikuweza kulia. Lakini nilijua nina kazi ambayo sijaifanya, na arobaini yako ilikuwa bado.

Jana ndiyo ilikuwa arobaini. Nilitoa mawe yote mlangoni, nikayahesabu na lile la mkobani, kumi na saba, nikayapakia. Mkoba wa turubai ni mgumu lakini mshono ulilalamika. Kondakta wa basi la Bahi alipotaka kunisaidia kuuingiza ndani aliuachia, akarudi nyuma.

"Mama, humu kuna nini, kinu?"

"Ndege."

"Ndege gani hawa?"

"Wa majini. Wamelala."

Nilishtuka kusikia sauti yangu inatania. Nilikaa dirishani, mkoba mapajani, na sikuongea tena mpaka Bahi. Niliposhuka, bodaboda wakanizunguka, nikawakatalia. Nilipita kwa miguu njia yetu ileile, pembeni mwa majaruba mpaka ukingoni. Maji yalikuwa yameondoka, mtani. Tope limekauka limepasuka vipandevipande, matete yamekuwa rangi ya majani makavu ya mahindi, na mbali sana kwenye dimbwi lililobaki niliona weupe kidogo, nadhani yangeyange. Nilisimama pale unaponizibiaga njia. Nilikuwa na michembe mfukoni. Nilingoja kidogo, kisha nikaona nafanya upumbavu, nikaendelea.

Nilifika kwenu ibada imekwisha na watu wanatoka kuelekea kaburini, mchungaji mbele na msalaba mpya mkononi, wazee nyuma yake, mama yako ameshikwa mkono na binti yako. Njia ni nyembamba pale kati ya ua na shamba la mtama. Nikaenda nikakaa katikati ya njia, chini, vumbini, na gauni langu la heshima. Mkoba nikauacha begani.

Mchungaji akasimama. Mzee mmoja akasema, "Mama, umezidiwa?"

"Sijazidiwa. Mpagazi amegoma."

Wazee wakatazamana. Nikaona binti yako anaziba mdomo. Moyo wangu haukuwa unakwenda mbio wala nini, nilikuwa kama mtu anayesoma barua ya mwingine kwa sauti. Nikasema tena, kwa nguvu, "Nimembeba Mgogo huyu miaka yote, Hombolo nimembeba, Mtera nimembeba, sijalipwa. Hapiti mtu. Msalaba huo haupiti."

Ndipo mama yako akauliza kwa sauti, ingawa alijua, "Nani huyo amekaa njiani?"

"Mnyamwezi," wakamwambia.

"Umechelewa," akasema upande wangu. "Siku ile ulikuwa wapi?"

"Siku ile nilikuwa mgeni, mama."

"Na leo?"

"Leo nimekuja na mzigo."

Akaachia mkono wa mjukuu wake, akaja mwenyewe, fimbo mbele. Akaupapasa mkoba, akatia mkono ndani, akatoa jiwe moja, akalizungusha kiganjani. Nilimwambia, "Ni ya mwanao. Alinibebesha kila tulipokwenda. Nimeyarudisha yote." Akalipima uzito, juu chini. Midomo yake ilikuwa inacheza. Halafu akapiga kelele ya kicheko, mtani, kile kicheko chako kabisa, sikujua kama ulikitoa kwake, na wanawake wote nyuma wakaanza kucheka na kulia pamoja, na mmoja akapiga vigelegele. Wazee wakaanza kunifokea kwa utani, Wanyamwezi wana dharau, aondolewe, apigwe. Mchungaji naye akacheka, akauegemeza msalaba kwenye ua.

Tulibishana hongo yangu karibu robo saa. Mwisho mama yako akaamua. Akaagiza maji ya mtungini, nikaletewa kwenye kata. Akasema kwa sauti wote wasikie, "Kunywa. Haya hatukutozi." Nikanywa. Nikanyanyuka, nikapisha, tukaenda kaburini. Hakuna aliyenipokea mkoba hata hatua moja, na nilipomtazama binti yako kuomba msaada alisema, "Kwani mpagazi ni nani?" Nikayapanga mawe yako kuzunguka msalaba, moja moja, nataja kila moja: la Hombolo, la Mtera, la Bahi, la Bahi tena. Lile la mwisho nikaliweka upande wa kichwa chako.

Michembe nikampa mama yako. Wakati naaga akaniomba mkoba, akasema ngoja nikufungashie mlenda mkavu, huko mjini mnauziwa vumbi. Akaingia nao ndani mwenyewe, akakaa, akatoka nao, akanivika begani kwa mikono yake. Nikapanda basi saa tisa. Nilikuwa nimelitimiza agano na bado ndani yangu palikuwa kimya, nikajiambia basi, huenda ndivyo nitakavyokuwa.

Nilifika hapa nyumbani, nikakaa mlangoni, nikafungua kile kifurushi cha mlenda. Mlenda mkavu hauna uzito, unaujua, ukipuliza unaruka. Kitambaa alikuwa amekifunga mafundo matatu. Nikafungua la kwanza, la pili, la tatu, nikatia mkono kwenye mlenda.

Jiwe. Kubwa kama ngumi, lina udongo wa uani kwenu.

Nilicheka peke yangu mpaka nikaegemea ukuta. Halafu bega likaanza kuuma. Liliuma kwelikweli, bega na shingo na mkono mpaka vidoleni, miaka yote ya kubeba mkoba ule imekuja siku moja. Nikalia, Perisi. Nililia kwa sauti mbaya, mpaka jirani yangu akatoka mbio kuniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia, mtani wangu. Akaniuliza amekufa lini, nikamwonesha lile jiwe, akaketi nami tu hapo chini.

Leo bega bado linauma na macho yamevimba. Jiwe la mama yako ninalo mapajani. Nikimaliza barua hii nitaliweka mlangoni, ingawa moja halitoshi, mlango utaendelea kujibamiza.

Nakupenda, ambalo sikukuambia hata siku moja kwa sababu ungenicheka mwaka mzima. Mgomo umekwisha, hongo nimeipokea kwa mama yako.

Pita, mtani.

Mimi niliyekubebea,
Mpagazi wako